Chini ya Pangaboi

Joto la mchana lilijaa chumbani. Pangaboi lilizunguka katikati ya dari, lakini upepo wake haukufika kwenye kona alikolala Makame. Tangu apooze hakuweza hata kujigeuza, na mgongo ulianza kuchubuka kwa jasho.

"Nikuhamishe chini ya pangaboi," alisema mkewe, Hidaya. "Hapa utaiva, mume wangu."

"Huko nitaona dari tu. Hapa naiona barabara. Sudi akirudi, nimwone."

Sudi, mtoto wao wa pekee, aliondoka kwa hasira, na hata salamu hajaleta. Hidaya hata hivyo alimwita jirani, wakakisukuma kitanda hadi katikati ya chumba. Akalowesha shuka jepesi, akamfunika nalo. Upepo ukamshukia Makame, na uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu asubuhi, ukalegea.

"Nani anapita?" akauliza, macho ameyafumba.

Hidaya akasogea dirishani. Barabara ilikuwa tupu.

"Watu wanapita," akajibu. "Wewe lala."

Akabaki amesimama pale, upepo usipofika, jasho likimchuruzika shingoni.