Shati la Zizini

Ndama aligeuza uso tena, maziwa yakabaki yanapoa kwenye ndoo. Mbavu zake zilikuwa zimeanza kuhesabika.

Mama yake alikufa akimzaa, na mume wa Bernadeta ndiye aliyekuwa akimnyonyesha vidole vilivyochovywa kwenye maziwa mpaka akaizoea ndoo. Tangu mwanamume huyo azikwe, ndama hakutaka mkono wa mtu mwingine.

"Anatafuta harufu yake," mama mkwe alisema. "Hakuna hata nguo moja iliyobaki?"

"Tulizifua zote ziwani, mama."

Ndiyo desturi: nguo za marehemu hufuliwa zote kabla ndugu hawajagawana, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyesimamia.

"Basi na huyu anaondoka," akasema taratibu, akamfunika ndama gunia.

Bernadeta akaingia ndani. Kutoka chini ya godoro akatoa shati la mumewe la zizini, kola imekolea jasho. Tangu msiba alikuwa akilala amelikumbatia. Akaufukia uso wake humo, akavuta pumzi mpaka kifua kikamuuma.

Alipotoka nalo, mama mkwe alilitambua. Akasogeza ndoo.

Bernadeta akaviringisha mkono wa shati kwenye vidole vyake, akavichovya. Ndama akanusa, akatulia, kisha akaanza kunyonya kwa nguvu. Maziwa na mate yakapanda polepole kwenye kitambaa.

Mama mkwe akapiga magoti, akaishika kola kabla maziwa hayajaifikia, akaipeleka puani mwake mwenyewe.