Alichosema Msichana wa Kivukoni

"Maneno gani?" Seremala aliuliza, akijinyoosha kwenye kochi ambalo bado lilikuwa na nailoni. "Filamu ndiyo imekwisha hiyo. Mimi sijasikia maneno yoyote ya maana."

Sponji alibaki ameduwaa mbele ya televisheni kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Kila Jumamosi, karakana ikishafungwa, mafundi walivuta makochi yaliyokosa wateja wakatazama filamu moja, kila mmoja na zamu yake ya kuchagua. Sponji, fundi wa kuvalisha makochi, alikuwa akiziruka zamu zake tangu afiwe na mkewe. Safari hii ndiyo kwanza alifungua mdomo, na alipoufungua hakuufunga wiki nzima.

"Ni ya Kijapani, ya kuchorwa," aliwaambia huku ameibana misumari midomoni. "Ni kama unaota na macho yako wazi. Mto unapanda mlima. Nyumba zinaamka zinaondoka zake, wenyewe wamelala ndani."

"Katuni?" Mpiga vanishi aliangua kicheko. "Na mvi zote hizo?"

"Itazame kwanza, ndugu yangu, halafu ucheke. Mwishoni yule msichana anapanda kivuko cha mawinguni, anamwacha yule dubu mzee aliyemlea. Hapo anamwambia maneno... Hapana, siyasemi. Nitawakatia uhondo."

Sasa walikuwa wameitazama. Mpiga vanishi alikoroma tangu mto ulipoanza kupanda mlima. Seremala alipokea simu mbili. Karani peke yake ndiye aliyekaza macho mpaka mwisho, kwa kuwa ndiye aliyewasomea wenzake maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini.

"Umeruka mahali," Sponji alimwambia.

"Sijaruka hata nukta."

"Basi hicho Kiingereza chako ni cha kuombea likizo tu!"

Karani alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Seremala akatikisa kichwa. "Umemwonea bure dada wa watu. Kwa ajili ya katuni?"

Sponji alirudi nyumbani amefura. Hakuwa mwongo, na hakuwa amechanganyikiwa. Filamu ile alikuwa ameitazama na mkewe wakati wa ugonjwa wake, wamekaa kitandani, televisheni imewekwa juu ya meza ya kupigia pasi. Waliitazama bila sauti, maana siku zile kelele kidogo tu zilimpasua mkewe kichwa. Yeye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo mkewe alimsomea maandishi, akiyageuza Kiswahili papo hapo. Alikuwa mwalimu wa lugha; hakubabaika hata mara moja. Na yale maneno ya mwisho, Sponji aliyasikia kwa masikio yake. Aliyarudia moyoni kila asubuhi akipanga sponji na vitambaa. Bila hayo angekwisha kulala chini asiamke.

Jumatatu alikwenda kwa kijana wa duka la filamu, akapiga diski mezani. "Umenipa iliyokatwa."

"Mzee, hiyo ni nzima."

"Mwisho umekatwa!"

Kijana alimpa nyingine ili apate kupumua. Sponji alimwomba Karani radhi, akambembeleza aitazame tena wakati wa chakula. Karani alitazama kipande cha mwisho mara tatu, huku chakula chake kikipoa.

"Kaka, nakuheshimu," alisema mwishowe. "Lakini hayo unayotaka nisome hayamo."

Mafundi walianza kumtania. Kila kitu kilichopotea karakanani, nyundo au kikombe, kilikuwa "kimepanda kivuko". Sponji aliacha kula nao. Jumamosi iliyofuata aliondoka wenzake wakiwa bado wanavuta makochi.

Jumapili mchana alimwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa mpokea wageni hotelini na kushinda akiongea Kiingereza kutwa. Safari hii Sponji hakutaka diski ya duka. Alitoa ileile ya mkewe, ambayo hakuwahi kumwazima mtu, akaiweka mwenyewe.

"Ukisoma wewe watanyamaza," alisema. "Nimechoka kuonekana mwehu."

Walikaa ukingoni mwa kitanda. Kivuko kilishuka kutoka mawinguni. Msichana akapanda. Dubu akabaki ameganda gatini. Maandishi yakapita.

"Hayo! Soma!"

Shemeji alirudisha nyuma, akasoma polepole. "'Abiria wote wapande. Angalieni mizigo yenu.'"

"Baada ya hapo."

"Baada ya hapo hakuna kitu, shemeji. Nahodha ndiye anayesema. Msichana hasemi neno."

"Anasema!" Sponji aliruka akasimama, sauti ikimkatika kwa hasira. "Dada yako aliyasoma hapo hapo, nimekaa hapa, yeye hapo ulipo wewe! Utanifundisha wewe nilichosikia?"

Shemeji alizima televisheni. "Haya, niambie. Alisoma nini?"

Hakuwahi kuyatamka mbele ya mtu. Alikohoa kidogo.

"Alisema: 'Usikae hapa kunisubiri, mzee wangu. Sikuondoka kwa kukuchoka. Rudi ukacheke na wenzako. Na akitokea wa kukupikia chai, usimfukuze kwa ajili yangu. Mimi...'"

Ndipo alipokumbuka kwamba siku ile, mkewe alipokuwa akiyasoma hayo, alikuwa ameipa televisheni kisogo.