Kichupa cha Mafuta ya Cherehani

Mstari mmoja tu wa fomu ulikuwa haujajazwa: ule wa ugonjwa. Kwa siku tatu Daktari Mwatumu, kwa amri ya mahakama, alikuwa amempima akili Shomvi, mfungwa aliyetiwa hatiani kwa kumnajisi mtoto wa jirani. Sasa mbele ya meza, katika ofisi ya gereza, aliketi mama wa mfungwa huyo, Bi Kibibi.

"Mwandike mwendawazimu, mwanangu," alisihi Bi Kibibi. "Kichaa nitasema nimemzaa, na nitamlea. Huyo mwingine wanayemtaja, mimi sikumzaa."

"Nieleze jambo moja, mama, uliloliona kwa macho yako."

Bi Kibibi alifungua fundo la kanga, akatoa kichupa cha mafuta ya cherehani na kukiweka juu ya fomu.

"Kila Alhamisi, nikijiandaa kwenda kupimwa sukari, alitia mafuta bawaba za mlango wa chumba chake. Milango mingine yote inalia kama paka, wala hakuigusa. Mwenye akili timamu hufanya hivyo?"

Kalamu ya daktari ilisimama. Jalada la kesi lilisema kwamba mtoto alikuwa akija kufundishwa hesabu na Shomvi chumbani mwake kila Alhamisi.

Bi Kibibi alimtazama usoni, kisha akakitazama kichupa.

"Ili mlango usilie," alisema polepole.

Alinyoosha mkono akichukue, lakini hakukiinua. Chini yake, mafuta yalikuwa yameanza kuenea juu ya ule mstari mtupu.