Springi za Watu Watatu

"Nikiliinua gari inchi nne kwa springi ngumu na nyinyi ni wachache, mtarukaruka kama bisi kwenye sufuria," fundi alisema. "Mzee, mkienda kupiga kambi mnapanda wangapi?"

Tulikuwa wanne pale gereji: baba, mama, mdogo wangu na mimi.

"Watatu," baba alijibu.

Fundi alitutazama mmoja mmoja, chaki mkononi. "Na huyu kijana?"

"Huyo msomi. Kazi niliyomtafutia kaiona chafu. Abebwe na digrii yake."

Nilitabasamu, nikitumaini anatania. Hakunitazama.

Fundi akaandika 3 kubwa ubavuni mwa gari, chini ya mlango niliouosha asubuhi ile.

Mama alimkabidhi mdogo wangu mkoba. Akaifuta ile tatu kwa kiganja, polepole, mpaka mkono mzima ukawa mweupe. Kisha akaichukua chaki ya fundi, akaandika 1.

"Mfungie mzee zilizo laini kabisa, mwanangu," alimwambia fundi. "Atakuwa peke yake."