Kompyuta ya Lenox

Millicent alitoa shingoni utepe wa kupimia nguo, akauvuta juu ya kaunta ya kioo. Boksi la kompyuta lisizidi hapo, alisema. Hata kwa kidole kimoja.

Kiarie, mwenye duka, alikuwa amezoea wateja wa barabara ya Luthuli, Nairobi, wanaotaka kitu kikubwa chenye taa za rangi. Alimweleza kwamba kompyuta ya kuchezea gemu hupata joto jingi, na boksi dogo hivyo lingewatesa. Kubwa lilikuwepo, tena kwa bei nafuu. Millicent akatikisa kichwa.

"Ni ya kijana?" Kiarie akauliza.

"Anaitwa Lenox. Kila jioni yuko kwenye gemu." Akaitaja gemu yenyewe polepole, kama mtu anayesoma jina la dawa.

Kazi ikaanza. Kadi ya grafiki iliyoiweza gemu hiyo ilipita boksi kwa sentimita mbili. Walipopata fupi, feni ya prosesa ikazuia kifuniko kufunga. Walipopata feni bapa, pawa saplai, kifaa cha kugawa umeme, iliyotoshea humo ikawa haina nguvu ya kubeba kadi. Millicent alirudi Jumanne, akarudi tena Ijumaa. Alikuwa ameuza moja ya cherehani zake mbili kwa ajili hiyo. Shem, mumewe, alidhani imepelekwa kwa fundi.

Ijumaa hiyo, wakingoja pawa saplai ndogo iletwe kutoka duka jingine, alimsimulia Kiarie. Miaka mitatu iliyopita Lenox aliacha chuo, na Shem akamfukuza nyumbani kwao mtaa wa Woodley. Alizitupa nguo zake nje ya geti, akasema jina hilo lisitajwe tena. Millicent alikuwa amesimama mlangoni. Kijana alimtazama, akingoja aseme neno. Hakusema.

Tangu siku hiyo Lenox hakupokea simu yake. Millicent alimpigia kwa laini mpya, mara tano, na mara zote tano kijana alikata aliposikia sauti yake. Habari zake alizipata kwa Quincy, binamu wa Lenox: kwamba anaishi Eldoret, na jina analotumia akicheza.

Kiarie alikuwa ameacha kufunga skrubu.

"Akiiona hii, Mama, atakusamehe."

Millicent akauliza pawa saplai itafika saa ngapi.

Pawa saplai ikaja, ikaingia. Kifuniko kikafunga. Kompyuta ilipowaka bila tatizo, Kiarie aliipanga vizuri kwenye katoni, akauliza kama aitume Eldoret kwa basi. Millicent akamwambia hapana, ataibeba mwenyewe.

Aliibeba hadi mtaa wa Waithaka, kwenye kibanda chake cha kushonea. Akaisukuma chini ya meza ya kukatia, nyuma ya majora ya vitambaa, mahali ambapo Shem hakuwahi kuinama. Akaiunganisha na televisheni ndogo iliyokuwa ukutani. Kisha akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kujifunza kucheza.

Ilimchukua wiki sita kufika mahali pa kutouawa mara tu anapoingia. Wiki ya saba alilitafuta jina alilopewa na Quincy, na Lenox akamkubali kwenye timu yake. Hawakuongea kwa sauti, waliandikiana tu. Kijana alimwita buda, akidhani ni mzee fulani asiye na kazi. Alimfundisha wapi pa kujificha. Alimngoja alipobaki nyuma.

Jioni moja, mchezo ulipokwisha, akamwandikia: "Buda, uko na familia?"

"Niko na kijana mmoja," Millicent akajibu. "Na wewe, wazazi wako wapo?"

Lenox akaandika:

"Mzee yuko Nairobi. Mathe alikufa kitambo."

Millicent alizitafuta herufi moja baada ya nyingine.

"Pole sana," mama yake akamwandikia.