Kumvusha Mama Mkwe

Jackton alikuwa na nyumba, kitanda na godoro jipya, lakini alikuwa akilala ndani ya Land Rover kama mlinzi wa vipuri.

Ndani ya nyumba alikuwemo Mama Marcella. Alikuja kumwona bintiye Adoyo kwa siku mbili, na mvua ya Mei haina adabu huku Mogogosiek: daraja likaenda na maji. Kwake ni ng'ambo tu, kilima cha pili; ukisimama mlangoni pa Jackton unaona moshi wa jiko lake. Lakini mto ulikuwa unamfika mtu kifuani, na kwa Wajaluo mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe, hata mbingu zikianguka. Nyumba za kampuni zina chumba kimoja. Basi mkwe akatoka.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu. Usiku Jackton alikuwa zamu kiwandani, kwenye mashine za kukausha majani chai. Mchana alikunja magoti kwenye kiti cha nyuma, uani kwa fundi, nyundo zikilia juu ya kichwa chake. Alichoka mpaka akipiga mwayo mmoja, mbwa wa mtaa mzima wanalala. Juzi msimamizi alimkuta amesinzia huku amesimama, ufagio mkononi.

"Nikikupata hivyo tena, Jackton, utaenda kulala kwenu kabisa. Kazi hutakuwa nayo."

Njia ilikuwa moja: kumvusha Mama kwa Land Rover hiyohiyo, kuukuu, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Na ili injini isinywe maji ilihitaji snokeli, lile bomba linalopanda kando ya kioo hadi juu ya paa, gari livute pumzi huko juu kama kiboko aliyezama.

Fundi alikuwa Mzee Okemwa, jirani aliyeishi peke yake. Alitoboa madigadi kwa grainda, akapasha bomba la plastiki juu ya makaa mpaka likapinda kama shingo ya bata, akaliunga kwenye eya klina, kichujio cha hewa ya injini, kwa mpira na klipu. Kazi safi. Likabaki jaribio. Unawasha gari, unafunika mdomo wa bomba kwa kiganja. Injini ikizimika, hakuna tundu. Ikiendelea, kuna mahali inaiba hewa, na panapopita hewa patapita maji.

Okemwa alifunika. Injini ikaendelea kunguruma.

"Inaiba," akasema. "Tuone kesho."

Kesho ikaiba. Keshokutwa ikaiba. Mzee aliyewahi kushusha injini ya lori na kuirudisha kabla chai yake haijapoa, sasa anashindwa na bomba la maji!

"Mzee, hii kazi itaisha kweli?"

"Kijana, hii si sukuma wiki ukate tu harakaharaka."

Adoyo akaja na sinia. "Fundi, kula kwanza. Mama amekupikia samaki. Anasema fundi mwenye njaa hakazi vizuri."

"Na mimi?" Jackton akauliza.

"Wewe kuna githeri ya jana."

Jackton akashusha sauti. "Lakini Mama mwenyewe anataka kuvuka?"

"Anauliza kila saa kama gari liko tayari."

Asubuhi ya Ijumaa Jackton alitoka zamu macho mekundu kama pilipili. Hakungoja mtu. Akafungua boneti, akashika bisibisi, akapapasa mpira wote mpaka mwisho. Klipu moja ilikuwa imelegea, mahali ambapo hata kipofu angeiona. Akaikaza, akawasha, akafunika mdomo wa bomba.

Injini ikakohoa, ikazimika.

Nusura alie. "Mzee! Imezimika!"

Okemwa akaja, akaitazama ile klipu kwa muda mrefu. "Haya," akasema, akivua ovaroli. "Basi leo ni leo. Wacha nikanawe."

Adoyo akatundika leso katikati ya gari, wa mbele na wa nyuma wasionane, maana mkwe hatazamani na mama mkwe uso kwa uso. Jackton akashika usukani, macho mbele. Mlango wa nyuma ukafunguka, gari likainama vizuri sana, mlango ukafungwa.

"Mama, uko sawa?"

"Twende, baba."

Maji yakapanda matairi, yakafunika taa, yakalamba kioo. Miguu ya Jackton ikalowa mpaka magotini. Juu ya paa bomba lilivuta hewa kwa mluzi, na injini haikutetereka. Nyuma ya leso kikasikika kikohozi, kizito, cha kifuani. Baridi ya mto hiyo, Jackton akawaza, pole Mama. Hakuutazama mto. Aliona blanketi lake la buluu na mlango uliofungwa, yeye ndani, amelala mpaka jioni.

Pua ya gari ikapanda ukingo. Ouko, kaka yake Adoyo, alikuwa ng'ambo akipiga makofi na kuruka kama mtoto. Akakimbia kufungua mlango wa nyuma.

Makofi yakakatika.

Alishuka Mama Marcella, amejifunga kitambaa kipya. Nyuma yake akashuka Mzee Okemwa, amevaa suti na tai, mkate mkono huu na sukari mkono ule.

"Jackton," Okemwa akasema kwa upole, "usizime gari."

"Ouko," Mama akasema, "huyu mzee ana neno na nyinyi wanangu. Lakini kwanza niletee sanduku langu lile kubwa. Harusi ni Desemba, na mpaka hapo nitakaa kwa Adoyo."