Mtu wa Kufutwa

Kwa mara ya tatu Geoffrey alimsukumia ile kamera ya digitali, na kwa mara ya tatu Mukankusi akairudisha kwa ncha ya kidole, kama mtu anayerudisha sahani iliyoingia nzi.

"Nina yangu," alisema.

Yake ilikuwa imeshasimama kwenye miguu yake mitatu katikati ya bustani, nyeusi, nzito, imebanduka rangi pembeni, na ndani mna mkanda wa filamu. Wageni wa harusi walikuwa wakimalizia Fanta zao. Mawingu yalianza kushuka upande wa ziwa la Nyarutarama, na picha ya familia ilikuwa bado.

Geoffrey alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, Mkenya wa ofisini kwa bwana harusi, mtu mpole ndani ya suti iliyombana. Alimvuta Mukankusi nyuma ya hema la vinywaji.

"Mama, mimi sina neno na mkanda wako. Lakini Madamu Frida ametoa amri. Picha ya familia ipigwe na digitali."

"Kwa nini?"

Akatazama huku na huku kabla ya kujibu. "Kuna mwanamke anaweza kutokea. Si unajua Madamu Frida ndiye aliyemlea bibi harusi? Basi ni shangazi tu. Wakwe wameambiwa mama mzazi alishakufa. Kumbe yuko hapa hapa Kigali."

"Na akitokea?"

"Hatutaki fujo mbele ya wageni. Asimame, apigwe picha, afurahi, aende zake. Kesho wewe unamtoa kwenye kompyuta, na hiyo picha safi ndiyo inaingia kwenye fremu. Moja ya wakwe, moja ya Madamu. Hiyo ni kazi ya dakika."

"Anaitwa nani huyo?"

"Sikuambiwa. Nimeambiwa tu ni mtu wa chini, ataharibu picha."

Kwamba ni kazi ya dakika, Mukankusi hakuhitaji kufundishwa. Hakuwa mmoja wa wale wazee wanaoogopa mashine. Alihamia digitali zamani, watu wa mtaa wake wa Nyamirambo walipochoka kungoja picha zao wiki nzima, na digitali ndiyo iliyomlisha mpaka leo. Pasipoti, ubatizo, Idi, mahafali. Na kufuta amefuta sana. Mabwana waliotoroka, mashemeji waliokosana na ukoo, mpenzi wa zamani aliyeshikwa kiuno ufukweni Gisenyi. Mteja anaonyesha kwa kidole, yeye anabofya, na pale alipokuwa mtu panaota majani. Wala huwezi kujua kwamba palikuwa na mtu. Kazi hiyo ilimkera siku zote, lakini leo ilimchoma.

"Kamwambie Madamu sitaki," alisema. "Kwenye mkanda, aliyesimama amesimama. Na negativu inalala kwangu, si kwake."

"Basi nitamwita Hirwa apige. Yeye ana digitali yake."

"Mwite. Halafu nenda kwa bibi harusi ukamwambie umenifukuza."

Hapo Geoffrey alinywea. Bibi harusi, Shimwa, alikuwa amemfuata Mukankusi mwenyewe hadi Nyamirambo, akawakataa wapiga picha wote walioletwa na kamati. Kamati ilicheka, ikasema vijana wa siku hizi mkanda ndiyo fasheni yao, tumwache na ushamba wake mpya.

Ikabidi Geoffrey aende kumnong'oneza Frida. Frida alikuwa ameketi kwenye kiti cha mama wa bibi harusi, vazi la mushanana la rangi ya dhahabu begani. Hakumtazama mpiga picha. Nani humtazama mpiga picha usoni? Macho yake yalikuwa getini tangu asubuhi. Mara akaingia mwanamke mmoja mwenye kitambaa kichwani, na Frida akanyanyuka nusu. Alikuwa mleta maziwa. Frida akaketi, akatuma jibu.

"Anasema piga na huo mkanda wako," Geoffrey alirudi akijifuta jasho. "Lakini huyo mtu akitokea, usibonyeze. Ukibonyeza, hakuna harusi ya watu wa maana itakayokuita tena mji huu."

"Kubonyeza nitabonyeza."

"Mama, utajiharibia kazi kwa ajili ya mtu baki?"

"Mtu amezaa," alisema Mukankusi. "Asimame na mwanawe, dunia imuone. Kama kuna wa kuona aibu hapa, si yeye."

Geoffrey akakata tamaa, akaenda mwenyewe kusimama getini, mikono nyuma.

Familia ikaitwa. Wakajipanga mbele ya maua, bwana harusi na wazazi wake upande mmoja, Shimwa na Frida upande wa pili. Frida alijibana kwa bibi harusi hata jani lisingepita kati yao. Wakangoja kidogo, kila mtu akirekebisha nguo. Kutoka getini Geoffrey akatikisa kichwa kwamba hakuna mtu. Frida akashusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamwinulia mpiga picha kidevu kumwashiria apige.

Mukankusi aliinama, akachungulia, akaona kila mtu yuko mahali pake. Akavuta kile kijiti kinachoiacha kamera ipige picha yenyewe, akabonyeza, na kamera ikaanza kuhesabu kwa mlio mdogo. Kisha akaiacha peke yake pale katikati ya bustani, akatembea kuwaelekea.

"Sogea kidogo, shangazi," alisema Shimwa, kwa sauti iliyowafikia wakwe wote. "Mama yangu apate pa kusimama."